Mama Mchungaji wa Ghala la Chumvi

Kambi ya Bandari, Jubail, Uarabuni
20 Februari 1977

Dada yangu Ok-bun,

Salamu zangu zikufikie wewe na wote walioko nyumbani. Mimi nina uzima, mikono tu ndiyo imepasuka kwa nondo. Tunapinda nondo tangu alfajiri hadi jua linapokuwa kali mno, tunapumzika, kisha tunarudi tena. Chakula si kibaya, ila kabichi ya kimchi ya kopo ina ladha ya kopo. Mpe mke wangu Mal-rye salamu, mwambie hela za mwezi huu zimeshatumwa. Wabusu watoto.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe, na sitazunguka.

Jana kaja kambini seremala mpya, jina lake Ju, wa kijiji cha ng'ambo ya mto. Tulikuwa mezani. Akanitazama, akaniuliza, "Wewe si mdogo wake Mama Mchungaji wa Sangol?"

Nikamwambia, "Ndiye mimi."

Akaweka kijiko chini. "Pole kwa msiba, kaka."

"Msiba gani?"

"Mchungaji Cheon si tulimzika Desemba? Mimi mwenyewe nilishika jeneza upande wa miguu. Udongo ulikuwa umeganda mpaka tukawasha moto juu ya kaburi ndipo tukachimba."

Dada, tangu Desemba umeniandikia barua mbili. Nimezitoa chini ya godoro nikazisoma upya. Ya kwanza inasema mmetia chumvi kabichi mia moja na ishirini na kwamba baridi imewahi. Ya pili inasema mwanangu Tae-sik ameng'oka jino la mbele. Shemeji yangu amekufa, nawe unaniandikia habari za kabichi!

Wenzangu walinionea huruma. Hata Bong-gu, yule anayenitania kila Ijumaa tukiimba nyimbo za kanisa kimyakimya ndani ya bwalo, "Mtume Gil-man, mwambie Mungu wako alete upepo," jana aliacha utani akanimiminia chai.

Nina swali moja, nalo nataka jibu. Nyumba unayokaa ni ya kanisa, si yako. Mchungaji hayupo. Utakaa wapi?

Mdogo wako,
Gil-man

* * *

Sangol
19 Machi 1977

Mdogo wangu Gil-man,

Namshukuru Mungu barua yako imefika, nami nimekuta afya yako ni njema. Mal-rye hajambo, watoto hawajambo. Jino jipya la Tae-sik limeanza kuchungulia. Binti yako anakohoa kidogo, lakini Mal-rye amemchemshia peya na tangawizi. Maji yameanza kuingizwa kwenye mashamba ya chumvi, na mwaka huu jua linaonekana litakuwa zuri.

Nisamehe. Mume wangu alilala tarehe kumi na moja Desemba, baada ya sala ya alfajiri, akiwa amekaa. Nilidhani bado anaomba, nikapita kwa ncha za vidole ili nisimkatize. Nilirudi na uji ndipo nikajua. Sikukuandikia kwa sababu wewe unafanya kazi juu, kwenye vyuma. Niliogopa utasoma barua asubuhi, upande juu, kisha uteleze. Ningewazika wawili.

Wazee wa kanisa wamenitendea mema. Walileta makaa ya msimu mzima.

Shule inaendelea. Tuko wanawake thelathini na mmoja sasa, katika lile ghala la chumvi nyuma ya kanisa. Bado hatuna karatasi za kutosha, kwa hiyo tunafanya vile vile: kila mmoja na sinia lake, chumvi imetandazwa, unaandika kwa kidole, ukikosea unatikisa sinia na unaanza upya. Wiki iliyopita bibi mmoja wa miaka hamsini na minane, anayekwangua chumvi tangu utoto, aliandika jina lake kwa mara ya kwanza. Alilitazama, akakataa kutikisa sinia. Akasema, "Mama Mchungaji, acha nibebe hivi hivi mpaka nyumbani, mume wangu alione." Akaenda nalo kichwani kama mtu aliyebeba maji. Upepo ulimharibia pale kisimani. Tulicheka mpaka tukashika mbavu, naye akacheka kuliko sisi.

Kwa hayo, Gil-man, usijisumbue. Kunywa maji kwa wingi.

Dada yako,
Ok-bun

* * *

Jubail
14 Aprili 1977

Dada,

Salamu. Mimi mzima. Msichana akiendelea kukohoa mpelekeni kwa daktari wa mjini, msingoje.

Nimesoma barua yako mara nne nikitafuta neno "nyumba". Halimo. Umeniambia habari ya makaa na sinia na upepo wa kisimani. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne tu, lakini najua mtu anaporuka swali.

Na Mal-rye ameniandikia. Unajua mwenyewe, ulimfundisha kuandika wewe. Barua yake ina mistari mitano na imejaa makosa, lakini imesema kuliko kurasa zako tatu. Imesema: "Dada anakula shayiri tupu. Mchele wa kijiko umesimamishwa. Unawekwa akiba wa mchungaji mpya."

Niliposoma hapo nilitoka nje.

Mama yetu, kabla hajapika, alichota kijiko kimoja cha mchele kwa kila mdomo wa nyumbani, akakitia kwenye kifuko, Jumapili akakipeleka kwa mchungaji. Hata mwaka wa njaa, tulipokuwa tunakula magome ya miti, kijiko kilichotwa. Mal-rye anachota. Wanawake wote wa Sangol wanachota. Na wewe miaka ishirini na miwili umekula mchele huo na umeulipa kwa jasho: umewafundisha, umewazalisha, umewaosha maiti zao, umewaandikia barua za watoto wao walioko jeshini. Mume akifa, kijiko kinaondoka mdomoni mwako? Basi kilikuwa ni mshahara wa suruali ya mchungaji.

Sasa nitasema jambo ambalo sijawahi kulisema. Baba alipokufa nilikuwa na miaka kumi na moja, wewe ulikuwa kwenye shule ya wasichana ya wamisionari. Mama alisema mmoja wetu lazima abebe chumvi. Nikasema mimi. Sikulia. Nilijiambia dada atakuwa mwalimu, atakuwa na meza na kiti. Ukamaliza, ukaolewa na mchungaji, na elimu yote niliyokubebea mgongoni ukaimwaga ghalani bure. Sijakulaumu. Lakini watu walioinywa bure wasikutupe nje kama maji ya kuoshea miguu.

Niambie Mzee Maeng amesema nini. Najua yeye ndiye mwenye sauti kwenye baraza la wazee. Usiponijibu ndani ya mwezi mmoja, nitawaandikia wazee mimi mwenyewe.

Gil-man

* * *

Sangol
17 Mei 1977

Mdogo wangu,

Barua yako ilichelewa, nami nikakaa nayo siku kumi kabla ya kuijibu. Uniwie radhi. Msichana amepona kikohozi. Shayiri imeanza kuwa njano. Mal-rye amepata kazi ya siku tatu kwa wiki kwenye mashamba ya Mzee Maeng, anasema asante kwa fedha ulizotuma.

Habari ya chumvi uliyoibeba, sikujua kwamba bado inakuelemea. Nilidhani inanielemea mimi tu. Tutazungumza ukirudi.

Umetaka nikwambie, nakwambia.

Mzee Maeng alikuja Machi, siku moja baada ya mimi kukuandikia. Alileta samaki wawili wakavu. Alisifu jua, akasifu paa, kisha akasema, "Mama Mchungaji, wewe unajua taratibu kuliko sisi. Kundi moja haliwi na mama wawili."

Nikasema, "Najua, Mzee."

"Mchungaji kijana ameshakubali kuja. Ana mke, ana watoto wawili. Ameuliza swali moja tu, mjane anahama lini. Na si kuhama nyumba peke yake. Ukibaki hata kwa wifi yako Mal-rye, mtoto akiugua watakimbilia kwako. Yule mke wa watu atakuwa mgeni nyumbani kwake."

"Na shule, Mzee?"

"Shule ni ya kanisa. Mke wa mchungaji mpya ataiendesha. Anapiga piano."

Nilitaka kucheka, Gil-man. Anapiga piano. Mungu anisamehe, sijawahi hata kumwona.

Sikuiombea nyumba. Niliwahi kumwona mjane wa mchungaji wa Haesan akiondoka na mkokoteni, nikajua siku yangu ipo. Nimeomba kitu kimoja: kile chumba kidogo nyuma ya ghala, panapowekwa makoleo. Nilale humo, niitwe mwalimu, nisiitwe tena Mama Mchungaji, nisikae mbele kanisani, nisitembelee wagonjwa. Nifundishe tu. Mzee alisema, "Tutaangalia." Kwake yeye hilo ni neno kubwa.

Na hapa kuna jambo. Wanawake wameamua kuandika ombi. Sikuwaambia mimi, nakuapia. Wanaliandika kwa mikono yao, kila mmoja jina lake kwa wino, majina thelathini na moja. Litasomwa kwenye mkutano wa kanisa baada ya mavuno ya shayiri, Jumapili ya tarehe kumi na tisa Juni. Maneno ni ya upole. Hayamtaji mtu. Mama Yong-ho, mke wa Mzee Maeng, ndiye wa kwanza kwenye orodha, na huko nyumbani kwake anamlainisha mumewe taratibu. Siku hizi Mzee ananisalimia kwa kuinama.

Kwa hiyo nakupigia magoti: usiandike neno lolote kwa mzee yeyote. Unakumbuka desturi, barua ikiandikiwa baraza husomwa mbele ya watu wote, hakuna kuificha. Mzee Maeng ni kama bawaba iliyokwama, ni wa kupakwa mafuta, si wa kugongwa. Nikikosa chumba hicho, shule imekufa, na sijui kazi nyingine ya kumfanyia Mungu.

Nimewahi kukuomba nini maishani? Hili tu.

Ok-bun

* * *

Jubail
22 Mei 1977

Dada,

Natumaini hamjambo. Mwezi umepita na siku nane juu yake, sijaona jibu. Juzi mtu wetu mmoja wa mkoa wa Gangwon ameanguka kutoka ghorofa ya pili ya kiunzi. Hakufa, lakini hatatembea. Msimamizi alisimamisha kazi saa moja, kisha tukarudi. Nilikaa kitandani nikawaza: mtu anatumika, anavunjika, anafungwa kwenye blanketi, anawekwa pembeni, na zege linaendelea kumwagwa. Nikakukumbuka.

Nimewaandikia wazee. Kurasa tatu. Leo asubuhi nimeitia kwenye mfuko wa posta.

Ju alinisaidia maneno mawili matatu, mengine yote ni yangu. Nimewauliza wao ni kanisa au ni wenye nyumba za kupangisha. Nimewaambia mchele mliomkatia mjane utawakwama kooni. Na nimemgeukia Maeng kwa jina lake. Nimeandika hivi: "Mzee Maeng, unamfukuza mwanamke aliyemfundisha mkeo kusoma akiwa mtu mzima wa miaka arobaini, mkeo akiingilia mlango wa jikoni kwa dada yangu majira matatu ya baridi ili usijue. Mkeo anayewasomea wanawake Neno kila Jumatano, bila dada yangu angekuwa mpaka leo amekishika kitabu cha nyimbo juu chini."

Najua uliniapisha siku ile nilipokuwa natengeneza jiko lako nikawakuta na lile sinia. Lakini mtu anapozama huangalii kamba umeikopa kwa nani. Maeng akisikia hilo atainamisha kichwa. Atajua deni lake.

Bong-gu alisoma kabla sijafunga bahasha. Akasema, "Mtume, hii si barua, hii ni baruti." Bwalo zima likacheka. Mimi pia nilicheka. Ni mara ya kwanza tangu Februari nimelala vizuri.

Usiogope tena, Dada. Una ndugu.

Gil-man

* * *

Jubail
9 Juni 1977

Dada,

Barua yako ya tarehe kumi na saba Mei imefika leo. Sina salamu.

Izuie. Ya kwangu itakuwa imefika hapo wakati wowote, bahasha ya rangi ya samawati, anwani imeandikwa kwa mkono wangu mbaya, utaijua. Mngoje yule mzee wa posta penye daraja. Mwambie ni yako. Mdanganye, Mungu atakusamehe, mimi ndiye nitakayebeba dhambi. Au mwambie Mama Yong-ho aichukue kabla mumewe hajafungua.

Nilikimbia ofisini nikaomba kutuma telegramu. Karani akasema, "Telegramu ni za vifo tu. Nani kafa?"

Nikasema, "Bado."

"Basi rudi akifa."

Nikamshika shati. Wamenikata mshahara wa siku mbili. Ju amempa dereva wa lori barua hii aipeleke hadi uwanja wa ndege, labda itawahi kwa siku nne tano. Nimehesabu kwa vidole vyote na haitoshi.

Kwa nini ulikaa na barua yangu siku kumi, Dada? Hapana, usinijibu hilo. Izuie tu.

Gil-man

* * *

Mokpo
3 Julai 1977

Mdogo wangu Gil-man,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Barua zako zote mbili nimezipata. Mvua za kiangazi zimeanza, mwaka huu ni nyingi. Maji yamekula ukingo wa barabara ya chini, lakini nyumba yako haikuguswa. Mal-rye alikuja kunitembelea Jumatano na watoto wote wawili. Tae-sik amekuwa mrefu, suruali zote zimempanda juu ya kifundo. Msichana anajua kuhesabu mpaka hamsini. Walileta matango. Tuliyatia chumvi pamoja, nikawapa nusu warudi nayo.

Kama unavyoona juu ya barua, nimehamia Mokpo. Nipo kwenye nyumba ya akina mama wajane, karibu na soko la samaki. Tuko wanne chumba kimoja. Chumba ni kikavu, na dirisha linaangalia ukuta, kwa hiyo upepo hauingii. Mchana tunakunja mifuko ya karatasi. Kazi si ngumu.

Sabuni hapa ni ghali kidogo kuliko kule. Samaki ni rahisi.

Nipo salama. Wewe jihadhari na jua.

Ok-bun

* * *

Jubail
28 Julai 1977

Dada yangu,

Salamu. Umejaza kurasa mbili kwa mvua na matango. Nimeipindua karatasi nyuma nikidhani umeandika huko.

Ilisomwa?

Nimemuuliza Mal-rye, amenijibu, "Muulize Dada." Nimemuuliza Ju, ndugu zake wanaishi ng'ambo ya mto tu, nikaona anaangalia viatu vyake. Anajua. Watu wote wanajua mambo ya nyumbani kwangu isipokuwa mimi niliyeyafanya.

Joto hapa sasa ukisahau nyundo juani, huwezi kuishika. Tunafanya kazi na matambaa ya maji shingoni. Watu wanaanguka kama nzi. Mimi sianguki, sijui kwa nini.

Nataka kukuomba msamaha lakini sijui nimekosa kiasi gani. Mtu hawezi kulipa asichoonyeshwa. Nilidhani nasema kweli. Ilikuwa kweli, Dada, kila neno. Wewe uliyetufundisha kwamba kweli inamweka mtu huru, niambie basi kweli yangu imemweka huru nani.

Usinitunze kama mtoto. Ulinificha kifo ili nisianguke, na kwa sababu ulinificha nikaandika kwa hasira. Na mimi sikungoja. Haya ni ya sisi wawili. Sema.

Mkataba unaisha Oktoba. Nitakuja Mokpo nikuchukue, tukae wote nyumbani kwangu, mchungaji kijana atake asitake.

Gil-man

* * *

Mokpo
2 Septemba 1977

Gil-man,

Mal-rye na watoto hawajambo. Hayo ndiyo ya nyumbani. Yanayofuata ni uliyoyataka.

Barua yako kwa wazee ilifika Ijumaa ya tarehe kumi na saba Juni. Ile ya kuizuia ilifika Jumatatu ya ishirini. Jumapili ilikuwa katikati.

Tulikuwa tumejiandaa. Wanawake walivaa nguo safi, wale wa mashamba ya chumvi walikuwa wamesugua mikono kwa pumba mpaka ikawa myekundu. Ombi lao lilikuwa kwenye mfuko wangu wa Biblia, limekunjwa mara mbili. Walikuwa wamekubaliana kwamba Mama Yong-ho atasimama alisome yeye mwenyewe, kwa sauti, mbele ya mumewe. Alikuwa amefanya mazoezi jikoni kwangu wiki nzima. Alisema, "Mama Mchungaji, nikilimaliza bila kukwama, jioni nitamwambia nani alinifundisha. Nitamwambia mimi mwenyewe. Nimechoka kujificha."

Mzee Maeng alisimama kwanza. Akasema ipo barua kutoka nje ya nchi, na barua ya baraza haifichwi. Nikaitambua bahasha ile ile ya samawati unayoniandikia mimi. Alidhani ni salamu, Gil-man. Alidhani umeleta salamu na shukrani, kwa hiyo hakuwa ameifungua. Aliifungua pale pale mimbarini, akiwa anatabasamu.

Ni mtu wa taratibu. Alipofika kwenye maneno mabaya hakuacha. Alisoma mpaka mwisho, sauti ile ile moja. Alisoma mlango wa jikoni. Alisoma majira matatu ya baridi. Alisoma kitabu juu chini. Hapo kijana mmoja upande wa wanaume alicheka, mmoja tu.

Mama Yong-ho aliinuka. Hakulia. Alipita katikati ya wanawake mpaka mlangoni, akainama kutafuta viatu vyake vya mpira kati ya viatu vyote vile vyeupe vinavyofanana, na hakuvipata. Alitafuta kwa muda mrefu sana. Hakuna aliyenyanyuka kumsaidia, hata mimi. Mwishoni alitoka na soksi.

Ndipo Mzee akakunja barua, akaniuliza, "Mama Mchungaji, haya ni maneno yako?"

Ningeweza kusema siyo. Lakini siri ile ilikuwa ya watu wawili, na wewe uliyeiona kwa bahati. Ningesema siyo, wangeniuliza mdogo wangu kaijuaje, ningelazimika kusema ulituona jikoni ukavunja kiapo, lawama ingekuangukia wewe, na Mal-rye anakwangua chumvi kwenye mashamba ya Mzee. Nikasimama. Nikasema, "Ni yangu. Mimi ndiye niliyemwambia. Naomba radhi kwa Mzee, kwa nyumba yake na kwa kanisa." Nikainama mpaka paji la uso likagusa sakafu.

Akasema, "Kanisa limekusamehe. Kufikia Jumamosi uwe umehama."

Ombi halikusomwa. Bado ninalo.

Ghala limefungwa kwa kufuli. Mke wa mchungaji mpya hakulifunga yeye, usimlaumu. Wanawake wenyewe hawaji. Waume wamewaambia, "Nendeni mkajifunze, siku moja mtatangazwa kutoka Uarabuni." Yule bibi wa jina kwenye sinia alinisindikiza mpaka daraja, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na mimi, kuna ulichomwandikia mdogo wako juu yangu?" Miaka ishirini na miwili, Gil-man. Hilo ndilo swali nililoondoka nalo.

Mama Yong-ho hajakanyaga kanisani tangu siku ile. Mal-rye anasema anaonekana alfajiri akichota maji kabla wengine hawajaamka. Jumatano sasa Neno husomwa na shemasi mwanamume.

Uliuliza kweli yako imemweka huru nani. Sijui. Kweli ile ilikuwa ya Mama Yong-ho, na alikuwa amebakiza jioni moja tu aiseme kwa mdomo wake.

Na nikwambie la mwisho, kwa kuwa umesema nisikutunze. Humu chumbani kuna mjane mmoja, kijana, mume wake alikuwa baharia. Wiki iliyopita alinijia na sinia la jikoni. Kuna mtu alimwambia kwamba nilikuwa mwalimu. Alisema, "Mama, nifundishe hata jina la mwanangu." Nikamwambia macho yangu hayaoni vizuri. Akaomba radhi kwa kunisumbua, akarudisha sinia jikoni. Macho yangu ni mazima. Ndiyo haya ninayokuandikia. Nilifungua kinywa kumwita arudi, na sauti haikutoka. Sijui itatoka lini. Naomba kila alfajiri, na Mungu ananisikiliza kama Mzee Maeng alivyonisikiliza.

Usije Mokpo Oktoba. Nenda kwa mkeo na watoto wako. Mal-rye aache mashamba yale.

Najua ulinipenda ulipoandika. Nimekusamehe Jumapili ile ile, kabla sijainua paji kutoka sakafuni, kwa sababu mke wa mchungaji hana alichofundishwa kingine. Dada yako bado hajakusamehe. Nitakapoweza, nitakuandikia mimi. Mpaka hapo usiniandikie.

Ok-bun